Jimbo Lililokuwa la Geita: Neno, Mpaka na Mji katika Ukanda wa Dhahabu



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili kwa desturi hujikita katika sarufi, fasihi au historia ya usanifishaji. Leo nimechagua kitu ambacho kwa kawaida tumewaachia wanasayansi ya siasa na wanajiografia, yaani jimbo la uchaguzi. Nitajadili historia ya jimbo moja ambalo jina lake halimo tena katika orodha ya majimbo ya Tanzania, nalo ni Jimbo la Geita. Nitalitazama kutoka upande ambao wana siasa hawautazami sana: kutoka Rwamgasa, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ambayo haikupata kuitwa mji, ingawa wakazi wake wengi wanaishi kama watu wa mjini.

Hoja yangu ni fupi. Jimbo ni eneo la ardhi, lakini kabla ya hapo ni neno. Mtu hupiga kura ndani ya jina. Jina hilo likibadilishwa, likigawanywa au likiandikwa vibaya, yapo mambo ya maisha yake yanayobadilika pia. Kwa sababu hiyo mwanaisimu ana kazi ya kufanya hapa, na naamini amechelewa kuianza.

1. Safari ya neno «jimbo»

Tuanze na neno lenyewe. Kijana wa leo wa Tanzania akisikia «jimbo», anawaza mbunge. Babu yake aliyesoma magazeti ya miaka ya 1950 aliwaza kitu kingine. Katika Tanganyika ya wakoloni, jimbo lilikuwa sehemu kubwa ya utawala: Jimbo la Ziwa, Jimbo la Magharibi, Jimbo la Kati, na kadhalika. Mkuu wa Jimbo alikuwa Mwingereza aliyewekwa na Gavana, na chini yake walikuwapo wakuu wa wilaya. Neno hili, basi, lilitaja mamlaka yaliyoshuka kutoka juu. Mwananchi alikuwa ndani ya jimbo. Jimbo halikuwa lake.

Baada ya uhuru wa 1961, majimbo yale makubwa yalivunjwa, mikoa midogo zaidi ikaundwa, na cheo cha Mkuu wa Mkoa kikachukua nafasi ya kile cha zamani. Neno «mkoa» likaingia katika kiti cha «jimbo». Lakini «jimbo» halikufa. Lilihamia kwenye uchaguzi na kupata maana mpya: eneo ambalo watu wake humchagua mwakilishi mmoja wa kwenda bungeni. Neno lililokuwa la mtawala likawa la mpiga kura. Wanaisimu tunauita mchakato wa namna hii uhamaji wa maana, na mara nyingi tunautafutia mifano katika maneno ya biashara au ya dini. Huu ni mfano wa siasa, ulio wazi na wenye tarehe.

Kwa nini ni «jimbo» lililoteuliwa na si neno jingine? Nadhani jibu limo katika uchaguzi wa kwanza wenyewe, ule wa 1958 na 1959. Katika uchaguzi huo nchi iligawanywa katika maeneo 10 ya kupigia kura, nayo kimsingi yalifuata majimbo ya utawala. Kwa miezi michache, jimbo la Gavana na jimbo la mpiga kura vilikuwa kitu kimoja. Mtu aliyepiga kura katika Jimbo la Ziwa alikuwa akitumia neno lile lile kwa mambo mawili. Mikoa ilipokuja na maana moja ikaondoka, maana ya pili ilibaki imesimama peke yake.

Inafaa kutazama majirani ili tuone kwamba njia hii haikuwa ya lazima. Nchini Kenya, neno «majimbo» lilishikamana na mjadala wa katiba ya 1963 kuhusu serikali za maeneo, na mpaka leo mtu akisema «majimbo» huko, wengi wanasikia ugatuzi wa madaraka. Eneo la mbunge huitwa eneo bunge. Mashariki ya Kongo, wasemaji wa Kiswahili husema jimbo la Kivu kwa maana iliyo karibu na ile ya Tanganyika ya zamani. Sote tunaposoma habari za Marekani tunasema jimbo la Texas. Neno moja limetulia kwa namna tatu au nne katika nchi zinazopakana.

Si hayo tu. Kanisa Katoliki nalo lina majimbo. Jimbo Katoliki la Geita liliundwa mwaka 1984. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kwa upande wake lina dayosisi, na ndani ya dayosisi yamo majimbo, na ndani ya majimbo zimo sharika. Kwa hiyo mkazi wa Rwamgasa akiulizwa yuko jimbo gani, anaweza kutoa majibu mawili tofauti, yote yakiwa sahihi, kutegemea anayeuliza ni katekista au ni karani wa uchaguzi. Kamusi zetu hutoa maana hizi zikiwa zimepangwa kwa namba. Ni mara chache zinapoeleza maana ipi ilitangulia na ipi ilimsukuma nani.

2. Kutoka kura tatu hadi jembe na nyumba

Historia ya uwakilishi katika eneo hili inaanza na mgogoro. Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, matawi ya TANU Usukumani yalinyimwa kuandikishwa. Hata hivyo, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani alikuwa kiongozi wao mashuhuri, vilikwisha wazoesha watu kukutana, kuchagua viongozi na kudai hesabu. Mkulima alijifunza kupiga kura katika chama cha msingi kabla ya kupiga kura ya Bunge.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilianzisha katika Wilaya ya Geita baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mbalimbali. Wananchi walilikataa. Hawakukataa kukaa na jirani wa kabila au rangi nyingine. Walikataa mpango uliowapa watu wachache uzito mkubwa kuliko idadi yao, tena bila ridhaa ya walio wengi. Umati uliandamana hadi Mwanza, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na mwishowe serikali ikarudi nyuma. Geita, basi, iliingia katika historia ya taifa kwa swali ambalo hata leo ndilo swali la kila jimbo: nani anasema kwa niaba ya nani, na ni nani aliyempa ruhusa?

Mwaka huo huo TANU ilikutana Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi unaokumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sifa za kupiga kura zilikuwa finyu: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa uliotambuliwa. Majimbo 10 yalitoa wajumbe 30, na wagombea wa TANU pamoja na wale waliowaunga mkono wakashinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 viti viliongezeka hadi 71, na TANU ikachukua 70.

Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, na ulikuwa na majimbo 107 ya Tanzania Bara. Wagombea wawili wa chama kile kile walishindana katika jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wanafunzi wa semiotiki wanaujua mfano huu. Alama hizo ziliwekwa kwa ajili ya wasiojua kusoma, na zilikusudiwa kuwa sawa kwa uzito. Lakini alama haikai bila maana. Katika nchi ya wakulima, mgombea wa jembe alikuwa na methali nyingi za kutumia, na wa nyumba naye hakukosa la kusema, kwani jembe bila nyumba hulala nje. Mawaziri kadhaa walianguka katika uchaguzi huo, Paul Bomani akiwa mmoja wao. Jimbo lilikuwa limekwisha kuwa la mpiga kura kwa vitendo, si kwa jina tu.

3. Geita inavyogawanyika

Mfumo wa vyama vingi ulirejea mwaka 1992, na Uchaguzi Mkuu wa 1995 ulifanyika katika majimbo 232: Bara 182 na Zanzibar 50. Tangu hapo idadi imekuwa ikipanda. Mwaka 2010 yalikuwa 239, mwaka 2015 yakafika 264, na uchaguzi wa 2025 uliendeshwa kwa majimbo 272.

Katiba ya 1977, katika ibara ya 75, inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo na kuyapitia upya kila baada ya muda, ikizingatia mambo kama idadi ya watu, mawasiliano na hali ya kijiografia. Huu ndio msingi wa kisheria. Hebu tuone ulivyofanya kazi katika ukanda wetu.

Katika Uchaguzi Mkuu wa 2005, Wilaya ya Geita, ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Mwanza, ilikuwa na majimbo matatu: Geita, Busanda na Nyang'hwale. Busanda ilijulikana nchi nzima Mei 2009, ulipofanyika uchaguzi mdogo kufuatia kifo cha mbunge wake. Lolesia Bukwimba wa CCM akashinda baada ya mchuano mkali na mgombea wa CHADEMA. Kwa wiki chache magazeti ya Dar es Salaam yalijifunza kuandika majina ya vijiji ambavyo hayakuwa yameviandika kabla. Machi 2012 Mkoa wa Geita ulianzishwa kwa kuunganisha vipande vya mikoa mitatu: Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, na Chato kutoka Kagera. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530 katika mkoa mpya. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,977,608.

Kufikia Uchaguzi Mkuu wa 2015, Jimbo la Geita halikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na majimbo mawili, Geita Mjini na Geita Vijijini. Kisha Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, na mawili kati ya hayo yako mkoani Geita: Katoro, lililokatwa kutoka Busanda, na Chato Kusini. Jimbo lililobaki la Chato likaitwa Chato Kaskazini. Katika tangazo hilo hilo majimbo mengine yalibadilishwa majina bila kugawanywa.

Geita si pekee. Unguja, jina la Jimbo la Mji Mkongwe liliondoka katika mabadiliko ya 2015 na Malindi likaingia. Majimbo hufa kwa namna mbili: kwa kugawanywa na kwa kubatizwa upya. Kwa namna zote mbili watu hubaki pale pale.

4. Majina yanasema nini

Tukiyapanga majina ya majimbo ya ukanda huu, tunapata aina nne.

Aina ya kwanza ni jina la makao makuu ya wilaya, kama Geita au Chato. Aina ya pili ni jina lililoongezewa upande wa dira. Mfano mzuri ni Biharamulo. Palikuwa na Biharamulo Mashariki, ambalo John Magufuli alilipata mwaka 1995, na Biharamulo Magharibi. Kufikia 2010, Biharamulo Mashariki lilikuwa limeitwa Chato. Lakini jirani yake aliendelea kuitwa Biharamulo Magharibi, hata katika chaguzi za 2015 na 2020. Kwa miaka 10 na zaidi palikuwa na Magharibi isiyo na Mashariki. Mgeni anayesoma orodha angetafuta nusu ya pili na asiione. Mwanaisimu anaiona mara moja: ni kivumishi kilichobaki baada ya mwenziwe wa kinyume kutoweka, sawa na maneno mengi ya lugha ambayo hubaki yakiwa ukumbusho wa mfumo uliokwisha.

Aina ya tatu ni Mjini na Vijijini, ambayo nitairudia. Aina ya nne ndiyo yenye utajiri zaidi, nayo ni majina ya nchi za kale: Busanda, Bukombe, Nyang'hwale, na kwa majirani Buchosa na Msalala. Buchosa na Msalala yalikuwa majina ya himaya za watemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini majina yake yalirudi kupitia sanduku la kura. Hapa siasa ya kisasa imehifadhi bila kukusudia jambo ambalo historia yetu ya shule imelisahau.

Tazameni kiambishi bu-. Katika Kisukuma, Kisumbwa na Kizinza, hiki ni kiambishi cha ngeli ya 14 kinachotaja, pamoja na mambo mengine, nchi ya watu fulani. Kiswahili sanifu kina u- mahali hapo. Ndiyo maana tunasema Usukuma na Uzinza, wakati wenyeji husema Busukuma na Buzinza. Lakini majina ya majimbo hayakusanifishwa. Hakuna anayesema «Ukombe» wala «Uchosa». Katika Wilaya ya Shinyanga iko kata iitwayo Usanda, na Geita kuna Busanda. Asili ya majina hayo mawili si hoja yangu. Hoja ni kwamba karani mmoja aliandika jina kwa kiambishi cha Kiswahili, na mwingine akaliacha katika lugha ya mahali. Maamuzi hayo madogo ya kalamu ndiyo yaliyotuachia ramani tuliyo nayo.

Nyang'hwale ni mfano mwingine. Mfuatano wa herufi ng'h haumo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. Unawakilisha king'ong'o kisicho na ghuna, sauti ambayo Kisukuma kinaitofautisha na ng' ya kawaida, kama katika ng'hana, yaani kweli. Profesa Herman Batibo, mwanaisimu ambaye uchambuzi wake wa fonolojia ya Kisukuma ni msingi kwa kila anayefuata, ametuonyesha jinsi mfumo huo ulivyo na mpangilio. Jina la jimbo limeingiza fonimu ya lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 5 katika nyaraka rasmi za Kiswahili. Mtangazaji wa redio akilisoma kama «Nyangwale», wenyeji wanaelewa, lakini wanajua kwamba ametoka mbali.

Tusisahau pia kwamba mkondo huu wa maneno umekwenda pande zote mbili. Neno Ikulu, tunalolitumia kwa makao ya Rais, limetoka katika lugha za Kisukuma na Kinyamwezi, ambamo lilimaanisha makao ya mtemi. Ukanda huu haukupokea tu msamiati wa siasa, uliutoa vilevile.

5. Rwamgasa: mji usioitwa mjini

Sasa nifike Rwamgasa. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani. Mgodi mkubwa wa enzi ya Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kati ya tarehe hizo mbili, na hata baada yake, walioendelea kuchimba ni wachimbaji wadogo. Rwamgasa ni moja ya makazi yaliyokuzwa nao. Kabla yao, Warongo walijulikana katika eneo hili kwa uhunzi wa chuma. Madini si jambo la juzi hapa.

Lugha ya machimboni inastahili mhadhara wake. Shimo huitwa duara, na mwenye nalo ni mwenye duara. Mashine ya kusagia mawe ni karasha. Kuvumbuliwa kwa dhahabu mahali papya, pamoja na mbio za watu wanaoikimbilia, huitwa rashi. Mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu huitwa mwalo, neno ambalo ziwani ni mahali pa kupakulia samaki. Wavuvi waliohamia machimboni walikuja na neno lao. Zebaki hukamata chembe za dhahabu, kisha huchomwa. Katika kundi moja la wachimbaji unaweza kukuta Msukuma, Mzinza, Mha, Mkurya na Mmanyema, na lugha inayowaweka pamoja ni Kiswahili. Ukikipima kwa namna watu wanavyosema na wanavyopata riziki, huu ni mji.

Lakini kisheria si mji. Rwamgasa imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Geita, ambayo ni mamlaka ya vijijini. Hata Katoro, kituo kikubwa cha biashara kilicho jirani, ni mamlaka ya mji mdogo ndani ya halmashauri hiyo hiyo ya wilaya. Maneno «Mjini» na «Vijijini» katika majina ya majimbo hayaelezi jinsi watu wanavyoishi. Yanaeleza aina ya halmashauri. Tena si mapambo. Katika zoezi la 2025, Tume ilitumia vigezo tofauti vya idadi ya watu: 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini. Neno moja linaloambatanishwa na jina linaamua watu wangapi watamgawana mbunge mmoja. Mtu akidhani kwamba semantiki ni mchezo wa darasani, na atazame tarakimu hizo.

Kigezo hicho kina mantiki yake. Mbunge wa vijijini anasafiri umbali mrefu katika barabara mbovu, na Katiba inataka mawasiliano na jiografia vizingatiwe. Sipingi. Ninachosema ni kwamba mgawanyo wa sehemu mbili, mji na kijiji, umerithiwa kutoka nchi ya wakulima na makarani, na mchimbaji hana nafasi ndani yake. Makazi ya machimbo hukua kwa mwezi mmoja na kupungua kwa mwezi mwingine. Mtu hujiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura akiwa mahali pamoja. Rashi ikitokea kwingine, anaondoka. Siku ya kupiga kura jina lake liko Rwamgasa na yeye yuko wilaya nyingine. Mbunge anayemhusu kwa daftari si yule anayeishi chini ya uwakilishi wake. Hapo uwakilishi unakuwa neno lisilo na mwenyewe.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la tahajia. Jina la mahali hapa huandikwa Rwamgasa, Lwamgasa na Rwamagasa. Tofauti ya r na l ina maelezo ya kiisimu: Kisukuma hakina r, ilhali Kizinza, kama ndugu zake Kihaya na Kinyambo, hukitumia kitamkwa hicho kwa wingi. Kipande cha mwanzo, rwa- au lwa-, kinaonekana kuwa kiunganishi cha ngeli ya 11, na umbo lake linategemea ni jirani yupi anayetamka. Kwa hiyo tahajia mbili za kwanza ni ushahidi wa lugha mbili zinazokutana, na zote mbili ni halali. Ya tatu, Rwamagasa, imeingiza irabu baada ya m. Mswahili hutamka m ya silabi bila shida, kama katika mtu na mgeni. Sikio lisilozoea hutafuta irabu ya kuisaidia.

Je, jambo hili lina uzito? Lina uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahali hapa paliteuliwa kuwa eneo la Tanzania katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, chini ya UNIDO, uliohusisha nchi 6. Watafiti, wakiwamo wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza, walipima maji, udongo, samaki na afya za watu. Ripoti hizo muhimu zimeandikwa zaidi kwa tahajia ya Rwamagasa. Nyaraka za kata na za uchaguzi hutumia tahajia nyingine. Mwanafunzi, au diwani, au mama anayetaka kujua kuna nini katika maji anayompa mtoto wake, akitafuta kwa jina la kata yake anaweza asikutane na utafiti uliofanywa nyumbani kwake. Maarifa yapo chini ya jina moja, na mwakilishi mwenye wajibu wa kuyafanyia kazi yuko chini ya jina lingine. Irabu moja imesimama katikati yao.

6. Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, neno «jimbo» lilihama kutoka kwa mtawala kwenda kwa mpiga kura, na uhamaji huo ni sehemu ya historia ya uhuru wetu, si ya kamusi tu. Pili, majina ya majimbo ya ukanda wa Geita yamehifadhi utemi uliofutwa, sauti ambazo tahajia sanifu haina, na mipaka ambayo haipo tena. Tatu, istilahi za Mjini na Vijijini zina nguvu ya kisheria na ya hesabu, lakini hazina mahali pa kumweka mchimbaji.

Kutokana na hayo nina mapendekezo kwa wanataaluma, hasa ninyi wanafunzi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Sasa tunahitaji kazi ya pili: orodha ya majina ya mahali, kata kwa kata, yenye tahajia zote zinazotumika, matamshi ya wenyeji, na miaka ambayo kila jina lilikuwa rasmi. Jimbo likigawanywa, orodha hiyo itamwezesha mtafiti wa miaka 50 ijayo kujua kwamba matokeo ya Geita ya 2010 na yale ya Geita Mjini ya 2015 si ya watu wale wale. Bila hivyo atalinganisha vitu visivyolingana na kupata hitimisho la uongo kwa takwimu za kweli.

Pendekezo la pili ni kwa wanaleksikografia. Andikeni tarehe. Kamusi inayosema «jimbo» lina maana tatu bila kusema ipi ilianza lini inamfunga msomaji katika wakati wa sasa. Na pendekezo la tatu ni kwa wenye mamlaka ya kubadilisha majina. Wanapoketi kuamua, wamwite na mtu wa lugha, pamoja na wazee wa mahali. Si lazima wamfuate; inatosha wamsikie kabla wino haujakauka.

Jimbo la Geita halipo tena katika orodha. Waliolipigia kura wengi wangali hai, wengine mashambani, wengine mjini, wengine ndani ya maduara. Kuna mzee huko ambaye, bila kuhama nyumba, ameishi katika Jimbo la Ziwa, Mkoa wa Mwanza na Mkoa wa Geita, na ameona mbunge wake akibadilika jina la kiti mara kadhaa. Yeye ndiye nyaraka tuliyo nayo. Nendeni mkamsikilize akiwa bado anaweza kulitamka jina la kijiji chake kama alivyolipokea kwa mama yake.